Mwanangu hajakosa, kwa nini aombewe msamaha?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mi ni fundi seremala, naishi Mkuranga, sijawahi kuandika gazetini lakini hili jambo limenikaa kifuani miaka sita sasa na nikiongea kijiweni watu wananipa pole tu alafu tunaendelea na mengine, ndo nikaona bora niliandike labda litamfikia mtu wa kulishughulikia.

Mtoto wetu wa pili ana mtindio wa ubongo. Mama yake alishikwa na uchungu usiku wa Ijumaa akajifungua Jumapili asubuhi, na mtoto hakulia. Walimshughulikia wakamrudisha lakini ule muda aliokosa hewa ndo ulioharibu. Sisi hatukujua mpaka alipofika miezi tisa, shingo bado haijakaza, mikono kakunja ngumi, ukimvalisha nguo miguu inapishana kama mkasi. Tukaambiwa aanze mazoezi, fizio, mapema iwezekanavyo, na kweli tulianza, mara mbili kwa mwezi kwenye hospitali moja ya mjini. Kutoka kwetu ni daladala mpaka Mbagala Rangi Tatu, pale unabadilisha, ukishuka unachukua bajaji. Matibabu hatukulipa kwa sababu sera ya nchi inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure, sisi tulikuwa tunatafuta nauli tu na pampasi, na nashukuru, kwa muda ule alipata huduma nzuri na yule mtaalamu wa mazoezi alimpenda sana kijana wangu.

Alafu akatimiza miaka mitano.

Wiki mbili baadaye tuko dirishani, dada wa mapokezi akaangalia kadi, akaniambia baba huyu umri umeshapita, sahivi analipiwa. Hakusema kwa ubaya, nataka hilo lieleweke, alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa kwenye kompyuta. Nikamwambia dada yangu lakini hali yake ni ileile ya mwezi uliopita, mwone mwenyewe. Akasema anamwona ila mfumo haumsomi. Mfukoni nilikuwa na hela ya kurudia nyumbani tu. Tukarudi, mama yake kambeba mgongoni, na njia nzima hatukuongea.

Mtindio wa ubongo haujui birthday. Misuli ya mtoto wa aina hii isiponyooshwa inakakamaa, inakuwa mifupi, magoti hayanyooki tena, nyonga inaweza kuchomoka, na hayo maumivu hawezi kukuelezea kwa mdomo anaweza kulia tu usiku. Sisi tulikaa miezi minne bila fizio kwa sababu ya hela. Tuliporudi yule mtaalamu alimlaza kitandani akamshika mguu, akanyamaza, akaniuliza mlikuwa wapi. Mguu wa kushoto ulikuwa haufunguki tena kama mwanzo na mpaka leo haujarudi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Baada ya pale tukaambiwa kuna msamaha, yaani kusamehewa malipo ya matibabu. Unaanza kwa balozi wa nyumba kumi, unaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji anakuandikia barua kwamba huyu ni mkazi wangu na hana uwezo, unaipeleka hospitali kwa afisa ustawi wa jamii, anakuhoji, akiridhika anagonga muhuri. Na barua ile inafanya kazi siku ile. Ukija mwezi ujao kama umekuta afisa mwingine unahojiwa upya, una shamba? nyumba ni ya nani? simu hiyo umenunua shilingi ngapi? Mtoto yuko mapajani, miguu imekakamaa, udenda unatoka, na mi natakiwa nithibitishe tena. Siku moja nilivaa shati zuri kwa sababu nilikuwa natoka kupokea advansi ya kazi ya milango, nikaambiwa mzee mbona wewe unaonekana una uwezo. Tangu siku hiyo mke wangu kabla hatujatoka ananikagua nimevaa nini. Jambo hili linaniuma kuliko nauli, Mhariri, kwamba ili mwanangu anyooshwe miguu inabidi baba yake aonekane amechoka.

Na hilo neno lenyewe, msamaha. Kwa Kiswahili chetu anayeombewa msamaha ni mtu aliyekosa. Mtoto kakosa nini? Nimefikiria sana hili neno nikiwa benchi pale. Mtu mwenye haki yake haombi msamaha, anakuja kuchukua kilicho chake. Ukimwita ni mwombaji basi anayempa ana ruhusa ya kumpa au kumnyima kutegemea kaamkaje siku hiyo, na ndo hivyo inavyokuwa.

Nikaanza kuuliza je kuna sheria. Nilidhani hakuna, kumbe zipo tena nyingi. Kijana mmoja jirani yetu anasoma sheria chuo alinisaidia kuzisoma, tukikaa karakana jioni. Mwaka 1982 tayari nchi ilikuwa na sheria mbili, moja ya ajira ya watu wenye ulemavu na nyingine ya matunzo yao. Mwaka 2004 ikaja Sera ya Taifa ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ule mkataba ibara ya 25 inaongelea afya moja kwa moja, unasema mtu mwenye ulemavu apate huduma za bure au za bei anayoweza kuimudu kwa kiwango kilekile wanachopata wengine, apate na zile anazohitaji kwa sababu ya ulemavu wake, na zisogezwe karibu na anapoishi, hata kijijini. Hata kijijini! Nilimwambia arudie kusoma hapo. Ibara ya 26 nayo inaongelea utengamao, hizo fizio na mengine yanayofanana na hayo, kwamba zianze mapema iwezekanavyo. Alafu mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9, ambayo wengi wanaijua kwa kile kipengele cha waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 20 kuajiri asilimia 3 watu wenye ulemavu, lakini ndani yake kuna afya, kuna utengamao, kuna wajibu wa halmashauri kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu waliopo kwenye eneo lake, na kuna kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa kwenda juu.

Hiyo ya kamati ilinishtua. Miaka yote hii nimepanda na kushuka na barua sijawahi kusikia kijijini kwetu kuna kamati hiyo. Nilipomuuliza mtendaji wetu, ambaye ni mtu mwema na barua zangu zote kaandika bila kunidai hata senti, akasema mzee wangu nimeisikia lakini tangu nimehamia hapa haijawahi kukaa. Kama kamati ingekuwepo na inafanya kazi ingewajua watoto wetu kwa majina na nyumba wanazoishi, isingekuwa kazi ya kila mzazi kujieleza dirishani. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu vizuri, ikasema asilimia 11.2 ya watu kuanzia miaka 7 wana ulemavu wa aina fulani. Yaani chukua watu kumi barabarani, mmoja ni wetu. Karani alikuja mpaka kwenye mkeka tulipokaa akauliza maswali ya kuona, kusikia, kutembea, kujihudumia, nikamjibu yote. Kama kuhesabiwa iliwezekana nyumba kwa nyumba, kumwandikisha mtoto mara moja akapewa kitambulisho kinachotambulika kila hospitali kinashindikana vipi?

Turudi kwenye katiba kidogo, maana hapa ndo nilipovunjika moyo. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 11 inasema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. Nikafurahi, nikasema basi imeisha hiyo, twende mahakamani. Yule kijana akacheka kidogo akanifungulia ibara ya 7, inasema masharti ya sehemu ile hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Maana yake ni kwamba haki imeandikwa lakini huwezi kwenda kuidai kwa hakimu. Wenzetu Kenya katiba yao ya 2010 imeweka afya kwenye ibara ya 43, na ibara ya 54 ni ya watu wenye ulemavu peke yao, na zote ziko ndani ya sura ya haki ambazo mtu anaweza kuzipeleka mahakamani. Wana pia mpango wa Inua Jamii, nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa muda wote inapewa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Ni hela ndogo na wenyewe wanalalamika inachelewa, lakini angalau serikali imekubali kwamba kumtunza mtu nyumbani ni kazi na ina gharama. Sisi tungepata katiba mpya naomba hao watakaokaa kuiandika waikumbuke ibara ya 11, waitoe hapo ilipo waipeleke panapoweza kudaiwa.

Gharama yenyewe watu hawaijui. Mtu akisikia matibabu anafikiria dawa na kumwona daktari. Kwetu dawa ni ya kifafa, hiyo haitakiwi kukatika hata siku moja, lakini kinachotumaliza ni vingine. Pampasi mtoto wa miaka 11, na size yake ni bei kubwa. Chakula lazima kiwe laini na lazima alishwe akiwa amekaa wima, ukimlisha amelala kinaingia kwenye njia ya hewa, anapata nimonia, kwa hiyo mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Nauli tunalipa zaidi ya wengine kwa sababu konda akiona kiti mwendo anasema hicho ni mzigo, lipia, na mwingine hasimami kabisa. Kwa hiyo familia yenye mtoto kama wetu inaweza kuwa inaingiza hela sawa na jirani yake lakini si maskini sawasawa na jirani yake, sisi tunaanzia chini. Yule afisa anayenihoji una shamba au huna, hayo hayamo kwenye fomu yake.

Na hapa nawaomba wakubwa wanaosimamia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 wasikilize. Sheria imesema wasio na uwezo watalipiwa na serikali, jambo zuri sana na nalipongeza. Swali langu ni huyo asiye na uwezo atapatikanaje. Kama ni kwa kuangalia bati na shati tutarudi palepale. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji utengamao maisha yake yote angeingizwa moja kwa moja kwa sababu ya hali yake, baba yake awe fundi au mwalimu au muuza samaki. Na kifurushi atakachopewa kiwe na fizio ndani, kiwe na kiti mwendo na vifaa vingine, maana bima inayolipa panadol alafu mazoezi ukalipe cash haitusaidii. Wasisahau pia kwamba watoto wetu wengi hawako shuleni. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto, uliposimamishwa ikasemwa waandikishwe kupitia shule, na kwa watoto wengi ilikuwa sawa tu, lakini mtoto ambaye shule ya karibu haina choo anachoweza kuingia wala mwalimu wa kumshika, yeye aandikishwe na nani? Kila utaratibu ukipangwa naomba aulizwe kwanza huyo.

Niseme na kuhusu mama watoto, nisipomsema nitakuwa nimedanganya. Mi naandika hapa kama baba lakini anayebeba ni yeye. Kijana sasa ana kilo zaidi ya 20. Anambeba kumtoa kitandani, kumpeleka bafuni, kumtoa bafuni, kumweka kwenye kiti, kumtoa juani, mchana mimi niko kazini. Alikuwa anauza maandazi na chapati asubuhi pale stendi, aliacha. Mwaka jana mgongo ulimshika wiki mbili akawa hawezi kuinama, nikafunga karakana, na ndo nikajua anachofanya kila siku ni kazi ya watu wawili. Nikiwa kwenye benchi la fizio mara nyingi mimi ni mwanaume peke yangu, wengine wote ni akina mama, na wengi wakikuhadithia baba alishaondoka zamani, alisema kwenye ukoo wetu hakuna mtoto wa hivi. Hawa akina mama hakuna sheria inayowaona. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake kwa ajili ya mikopo na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu, sawa, lakini mkopo ni wa biashara na unarudishwa, mama mwenye mtoto mgongoni saa zote hiyo biashara ataifanya saa ngapi? Anachohitaji ni mtu wa kumpokea hata siku mbili kwa wiki, kituo cha kulelea watoto wa mchana kwenye kata, chumba kimoja tu chenye magodoro na mtu aliyefundishwa. Wataalamu wa kufundisha wapo, sijasema tujenge hospitali.

Kwenye vifaa nimejifunza jambo na nataka niwaambie wazazi wenzangu. Yule mtaalamu wa fizio alinichorea kwenye karatasi kiti ambacho mtoto wa aina hii anatakiwa kukalia, vya kununua vilikuwa bei siwezi kuitaja. Nikakitengeneza mwenyewe kwa mbao za paini. Mgongo unasimama wima, kikalio kina urefu sawa na paja lake, kati ya mapaja kuna kipande cha mbao nilichokizungushia sponji ili miguu isipishane, mkanda mpana kifuani, kwa chini pa kukanyagia ili miguu isining'inie, na mbele meza ndogo. Siku ya kwanza alipokaa aliinua kichwa akatuangalia wote tulioko sebuleni, mmoja mmoja, nafikiri alikuwa hajawahi kutuona kutoka usawa ule. Mpaka sasa nimeshatengeneza vingine saba vya watoto wa hapa na Vikindu, natoza mbao na misumari tu. Ila mguu unarefuka, kila baada ya muda inabidi mtaalamu apime upya, usimwekee mtoto kiti kwa kukisia maana kinaweza kumharibu zaidi. Na mafundi mbao wako kila kijiji nchi hii, halmashauri ikimleta mtaalamu mmoja mara moja kwa mwezi na kutulipa sisi mafundi bei ya mbao, watoto wangapi wangekaa?

Jirani yangu mwingine ni kiziwi, mama wa watoto watatu, aliniomba nikiandika nimtaje bila jina. Kliniki anaenda na binti yake wa miaka 12 ili amtafsirie lugha ya alama. Kila kitu cha mwili wa mama yake yule mtoto anakisikia yeye kwanza. Siku atakapopewa majibu mabaya atakayeambiwa ni mtoto. Na sheria zetu zinaongelea mawasiliano kwa lugha ya alama, zipo, zimeandikwa.

Mhariri, najua kuna watu wataniambia nchi ina watoto wengi wagonjwa na hela ni ndogo. Nimelifikiria hilo. Kumpa mtoto kitambulisho kimoja cha kudumu badala ya barua kumi na mbili kwa mwaka hakuongezi gharama, kunaipunguza, ile siku afisa anayotumia kunihoji angeitumia kutembelea nyumba ambazo watoto wamefungiwa ndani na hawajawahi kufika hospitali kabisa, na hao wapo, huku kwetu nawajua wawili.

Mkutano mkuu wa kijiji chetu unafanyika mwezi ujao, nimeshamwomba mtendaji aweke ajenda ya ile kamati na amekubali, na wazazi wanne tumepanga kwenda na watoto wetu wakiwa kwenye viti vyao. Kama kuna msomaji ambaye kijijini au mtaani kwake kamati hii ipo na inafanya kazi, naomba aandike hapa gazetini waliianzaje, nani aliwaitia kikao cha kwanza na majina ya watoto walianza kuyakusanya vipi, sisi tutalikata gazeti twende nalo mkutanoni.

Wako,
Fundi seremala na baba, Mkuranga
(Jina langu ninalo, naomba lihifadhiwe kwa ajili ya mtoto)